Usiweke Chini, Baba Gloria

Huku kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kuna watu wanaoniita Mama Peptidi, na nikiwasikia napita tu kama kiziwi, kwa sababu siwezi kukasirika: neno lile hawakulijua, ni mimi niliyewafundisha, kwa mikro, mbele ya kanisa zima, nimevaa kikwembe (kitenge) kipya na kilemba kilichosimama kama antena. Naandika leo kwa sababu kila mtu anaieleza siku ile kwa namna yake, wengine wameongeza hata mbuzi (mbuzi hakuwapo), na aibu ni yangu, basi afadhali niieleze mimi ilivyokuwa, bila kumsingizia mtu. Shule niliachia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda mahali mnisamehe, lakini upande wa haki nimejitahidi, kila mtu nimempa sehemu yake ya kosa, na nikishagawa naona kubwa imebaki mkononi mwangu.

Mume wangu ni Paluku, mtu wa Butembo, alifika Lubumbashi kijana na leo anauza unga na sabuni kwa jumla. Unga anaufuata mwenyewe Mokambo, kule mpakani na Zambia. Mtoto wetu wa kwanza ni Gloria, ndiyo maana yeye ni Baba Gloria na mimi ni Mama Gloria (kabla ya hilo jina lingine). Ni mtu mnene. Sisemi kwa dharau, mimi mwenyewe nilijivunia tumbo lile, tukipita sokoni najua watu wanaona kwamba kwangu bukari, ugali wetu, haikosekani. Basi akaanza kulalamika kifua. Akipanda ngazi ya depo anasimama katikati, anashika hapa chini ya kola, anavuta pumzi, anasema, "Ni gazi tu, Mama Gloria, ile maharagi." Nami nampikia tangawizi, inapita, halafu inarudi. Dada yake Masika, wifi yangu, ambaye depo yake ya biskuti imepakana na yetu na ambaye hajui kusema jambo kwa sauti ndogo, ndiye aliyesema siku moja, "Maharagi gani hii inakaa mu kifua tangu kipwa mpaka mvua?" (kipwa ni kiangazi chetu), akamshika mkono kama mtoto, akampeleka kwa dokta mjini. Nalisema wazi ili libaki limeandikwa: aliyempeleka ni Masika, si mimi.

Dokta alimsikiliza, akamtoa damu, akaeleza kwamba kati ya vitu atakavyoviangalia kuna kimoja kinaitwa peptidi, ambacho moyo wenyewe unakimwaga ndani ya damu ukielemewa na kazi. Baba Gloria alirudi nyumbani na neno hilo, tukawa tunalitamka mezani kama watoto wenye kitu kipya, peptidi, peptidi. Mimi nikalipeleka kwenye korali ya kanisa, ambako naimba, nikaomba kina mama wafunge na kuomba ili peptidi ya mume wangu iwe nzuri, nao wakafunga kweli, hata mama mmoja mwenye mimba alitaka kufunga tukamkataza.

Siku ya kuchukua matokeo Baba Gloria alikuwa Mokambo, lori limekwama kwenye foleni ya mpaka, Masika alikuwa na wateja, nikasema basi nitaenda mimi, si ndiyo mimi mke? Dokta yule ni kijana, na anasema polepole, anapanga kila neno kabla ya kulitoa. Aliuliza bwana yuko wapi, nikamwambia, akakunja uso kidogo, akasema haya, atanieleza mimi lakini nisikilize vizuri. (Alisema hivyo hasa, nisikilize vizuri.)

"Mama, peptidi yake iko chini," akasema. "Upande ule ni habari njema. Pompi yenyewe, maana yake moyo, haionyeshe kama imechoka. Sasa..."

Hapo simu yangu ikaita. Nikaangalia, ni Mama Rebeka, mkubwa wa korali yetu. Nikamwangalia dokta, nikaangalia simu, na moyoni mwangu nikajiambia, wale wamelala njaa kwa ajili yako, utawaacha? Nikasimama, "Docteur, dakika moja tu," nikatoka koridoni.

"Mama Gloria, banasema nini?"

"Iko chini!"

"Nini njo iko chini?"

"Peptidi! Ya moyo! Imeshuka!" (Haikushuka. Ilikuwa haijapimwa hata mara moja kabla ya hapo, sijui niliona imeshuka kutoka wapi.)

"Haleluya! Njo Mungu wetu ule!" Akapiga kigelegele ndani ya sikio langu, nikasikia na wengine nyuma yake wanapokea. "Siku ya yenga, Jumapili hii, tunatoa shukrani. Mwambie Baba Gloria ajipange!"

Nilipogeuka, mlango wa dokta ulikuwa umefungwa, mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa ameingia nafasi yangu. Binti anayepokea watu akaniambia, "Mama, Docteur hayamaliza na weye, anasema ungoje pale." Nikakaa kwenye benchi. Nikautazama ule mlango. Na sasa ndiyo nafika mahali penyewe, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka kwenye lile benchi: ningeweza kungoja. Njaa haikuwa kubwa, mvua haikunyesha, hakuna aliyenifukuza. Lakini nilikuwa na habari njema mdomoni, bado ina joto, na nikaogopa nikirudi mle ndani dokta ataweka juu yake neno lingine la kuipoza. Nikamwambia binti, "Nitarudi Jumatatu," nikaondoka karibu nikikimbia.

Baba Gloria alirudi na vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. "Docteur anasema nini?"

"Peptidi iko chini. Pompi haijachoka."

"Alisema ile tu?"

"Alisema ni habari njema."

Kila neno nililomwambia ni la dokta, hakuna hata moja nililotunga, na ndiyo ubaya wake, kwa sababu ningekuwa nimetunga labda ningejishuku. Akacheka, akajipiga tumbo, akaomba bukari. Masika alipokuja jioni ile akauliza, "Sawa, na kifua? Kifua docteur alisema nini juu yake?" Nikamjibu, "Wifi, weye habari ya muzuri inakuumiza kichwa." Akanyamaza. Masika kunyamaza ni jambo ambalo lingetosha kunishtua, lakini mimi nililihesabu kama ushindi.

Na kwa sababu nimeahidi haki, lazima niseme habari ya pasta wetu, maana kuna watu mtaani wanaomtupia yeye kosa. Pasta aliniita Jumamosi, akaniuliza uso kwa uso, "Mama Gloria, munganga amemaliza naye?" Nikasema, "Amemaliza, Pasta." Huo ndio uongo mmoja mzima mzima katika hadithi hii, na niliusema ndani ya ofisi ya kanisa.

Sasa kanisani kwetu shukrani ina desturi yake. Mtu hatoi bahasha tu. Analeta kitu cha kazi ya mikono yake: mshonaji analeta nguo, mama wa mboga analeta lengalenga, na anakileta mwenyewe, akicheza, kutoka mlangoni hadi mbele kwenye madhabahu, na njiani hakiweki chini. Ukikiweka chini katikati, hakuna anayekufukuza, lakini watu wanaangaliana, kama kusema huyu shukrani yake ina nusu. Mtu wa unga analeta mfuko wa unga. Nilishaona wanaume wembamba kuliko miguu ya kiti wakiufikisha.

Jumapili asubuhi Baba Gloria alivaa suti yake ya rangi ya mchanga, akasimama mbele ya mifuko tuliyoileta nyumbani, akasema, "Mama Gloria, na kama nabeba katoni moja ya sabuni?"

"Sabuni? Patron wa unga? Katuba yote itasema nini?"

"Nasikia gazi kidogo."

"Gazi gani tena, na peptidi iko chini?"

Tukacheka wote wawili. Nakikumbuka sana kile kicheko, kwa sababu yeye ndiye aliyeacha kwanza.

Kanisa lilijaa. Masika naye alikuja, kwa heshima ya kaka yake tu, maana yeye si wa kanisa letu, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba mapajani kama mtu anayengoja gari. Nikapewa mikro kwanza, nitoe ushuhuda. Jamani! Ningetoa ushuhuda tu ingekuwa nafuu, lakini mimi nilifundisha. Nikawaeleza kwamba moyo unamwaga kitu kinaitwa peptidi, nikawafanya waseme pamoja nami, "Pe-pti-di!", kanisa zima likaitikia, watoto wakaitikia kwa nguvu zaidi, nikasema kama peptidi iko chini moyo ni mupya, hauwezi kuziba, hauwezi kusimama, tena nikasema mwenye mume anayelalamika kifua ampeleke akapimwe peptidi, ikiwa chini aende akalale usingizi. Nani aliniambia hayo ya kuziba? Hakuna. Yalikuja yenyewe, nilikuwa nimewaka. Wakashangilia, na mama mmoja mstari wa mbele akamgusa mumewe begani, "Unasikia?"

Kisha ngoma zikaanza, na Baba Gloria akaingia kwa mlango na mfuko begani.

Alianza vizuri, nisimwonee. Alicheza kama watu wa kwao wanavyocheza, mabega yametulia, miguu ndiyo inayosema, na tumbo lile likimfuata kwa nyuma kidogo, watu wakapiga vigelegele, nami nikaongoza wimbo. Alipofika katikati akasimama. Akahamisha mfuko bega la kulia. Jasho lilikuwa linamshuka hadi limelowesha kola, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia, haufanyi kitu. Akaniangalia. Mimi namjua mume wangu, lile jicho lilikuwa linaniomba ruhusa. Akapinda magoti kidogo, mfuko ukaanza kuteremka.

Na mimi, nikiwa na mikro mkononi, nikasema, "Usiweke chini, Baba Gloria! Mungu hakukuweka chini!"

Kanisa likalipuka. Ilikuwa kauli tamu, hata pasta alipiga makofi, na nilijisikia, Mungu anisamehe, nilijisikia mwerevu. Baba Gloria akaupandisha mfuko tena. Akasogea mbele kidogo tu, karibu na benchi za kina mama, halafu akaanguka, yeye na mfuko, mfuko ukapasuka, unga ukaruka ukawafunika wote walio karibu, na yeye akawa amelala ndani yake mweupe tangu nywele hadi viatu.

Mtu asiyejua makanisa yetu atauliza, na ninyi mlifanya nini? Tuliimba. Kwetu mtu akianguka katikati ya sifa, tunajua ameguswa, ni Roho, haguswi na mtu mwingine mpaka ainuke mwenyewe. Wale wa protokoli, wanaopanga watu na kulinda utaratibu, walikuja mbio wakamlaza vizuri na kumfunika kikwembe, kama wanavyofanya kila Jumapili, wakasimama pembeni mikono wameinua. Hawakukosea kazi yao, kazi yao ndiyo hiyo. Waliniamini mimi, mimi ndiye niliyewaambia moyo ni mupya. Ngoma zikaongezeka. Nikaimba kwa nguvu zangu zote, machozi ya furaha yananitoka, na ndani yangu, kwa sababu nimeahidi kusema yote, nilikuwa nawaza pia kwamba hakuna mtu Katuba aliyewahi kupata shukrani kama hii.

Masika ndiye aliyekuja. Alipita katikati ya watu kwa viwiko, amevua viatu. Kijana mmoja wa protokoli akamzuia, "Mama, usimuguse, iko mu Roho."

"Roho ya nini? Angalia mukono! Muntu ya Roho anakwaruza chini vile?"

Na mimi nikasema, kwa mikro ile ile, imewaka, watu wote wakasikia hadi nje barabarani, "Wifi, acha kuharibu kazi ya Mungu."

 Masika alimsukuma kijana pembeni, akaketi mwenyewe juu ya unga, akavuta kikwembe, akamfungua Baba Gloria kola, akapiga kelele ambayo ilizima ngoma: "Huyu anakufa! Munaimbia muntu anakufa! Gari iko wapi?"

Ndipo nikaviona vidole vya Baba Gloria. Vilikuwa vinakwangua unga, vimechimba kijifereji hadi kwenye sementi.

Pasta mwenyewe alileta gari lake, wanaume wakambeba. Nilipanda na mikro mkononi, waya unanifuata, hadi mtu akaninyang'anya. Hospitalini muuguzi mmoja alimtazama Baba Gloria, akanitazama mimi, nami nilikuwa mweupe hadi kwenye kilemba, akauliza kwa upole kabisa, "Papa anatumika ku kinu?" Masika akasema, "Hapana. Alikuwa ku shukrani." Baadaye walituma kumwita dokta wetu, na alikuja, Jumapili, na nguo za nyumbani.

Aliishi. Niseme haraka, msije mkangoja vibaya: Baba Gloria yuko hai. Mshipa mmoja wa ile inayolisha moyo ulikuwa umeziba, na sehemu ya moyo ikafa kabla hawajaufikia. Dokta alinieleza koridoni, polepole vile vile, bila kunifokea, afadhali angenifokea.

"Mama, siku ile nilikungoja. Peptidi inatuonyesha kama pompi inavuta kwa shida. Lakini matiyo, ile mishipa inayolisha pompi, kama iko wazi ao imeanza kuziba, peptidi ikiwa chini haiwezi kutuhakikishia. Na kwa bantu banene inaweza kuwa chini hata kama shida iko. Njo maana nilitaka aje, tumutembeze juu ya mashine, tuangalie. Na mpaka siku ile asibebe kitu kizito."

"Ungeniambia hivyo?"

"Nilianza kukuambia, mama."

Masika alikuwa amesimama pale, amesikia yote. Nilingoja anichome, alikuwa na haki. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akanipa, akasema, "Pangusa uso. Uko na unga mu macho." Mpaka leo hajasema zaidi ya hapo, na naona ilinichoma kuliko matusi.

Mama Rebeka aliacha kunipigia. Yule mama wa mstari wa mbele alimpeleka mumewe kwa dokta na wakamfanyia vipimo vyote, kwa hiyo labda kuna kitu kizuri kimoja kilitoka, lakini siwezi kukichukua kiwe changu. Watoto wa barabara yetu bado wanaliitikia lile neno. Ninapopita na beseni wanasema "Pe-" na wengine nyuma ya ukuta wanamalizia.

Baba Gloria sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa depo, amepungua, suti ya rangi ya mchanga inamning'inia. Mokambo anaenda Masika. Wakati mmoja, bado yupo kitandani hospitalini, nilimwomba msamaha, nikamwambia sikujua, nilidhani ameguswa na Mungu. Alifumba macho. Akasema, "Nilikuwa nasikia yote. Ulikuwa unaimba muzuri." Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza kama ananituliza au ananihukumu, na sasa muda umepita, swali haliulizwi tena.

Nimeapa mambo, na nayashika. Mikro siigusi. Kwa dokta tunaenda watatu, na Masika, simu yangu naizima nikiwa bado nje ya geti, na dokta akinyamaza nauliza, "Docteur, umemaliza?" Anasema amemaliza. Nauliza tena. Baba Gloria ananyanyuka, "Amemaliza, Mama Gloria, twende," nami natoka wa mwisho, nikiangalia nyuma.

Kuimba sikuapa kuacha, na yeye hajanikataza, nimtendee haki. Ila asubuhi moja jikoni, nikikoroga bukari, nilijikuta nimeanza kidogo kidogo, hata si wimbo wa siku ile, ni mwingine. Nikasikia kiti chake cha nyumbani, nacho cha plastiki, kinasogea sebuleni. Nikachungulia. Alikuwa amekibeba mwenyewe, anatembea polepole kwenda nje uani, na alipofika kwenye kizingiti akasimama avute pumzi, na kiti hakukiweka chini.